Tujiunge na Nani? Maneno ya Kulipia Picha katika Historia ya Kiswahili



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu, nadhani walioniomba walitarajia nizungumzie ngeli au usanifishaji, mambo ambayo yamenilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nitayagusa kwa mbali. Mada yangu, hata hivyo, imetoka sebuleni kwangu. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, anayeishi nasi kwa ajili ya shule, alinijia jioni moja akaniuliza, "Babu, tujiunge?" Alikuwa akizungumzia mojawapo ya kampuni zinazouza filamu na tamthilia kwa njia ya intaneti kwa malipo ya kila mwezi. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamjibu kwa sarufi: kitenzi kujiunga hudai kiunganishi na, basi, tujiunge na nani? Mtoto alinitazama kwa subira, kama anavyotazamwa mzee ambaye bado hajamaliza kusema.

Swali lenyewe halikuwa jepesi. Nyumba yetu ina dada yangu mkubwa, ambaye wajukuu humwita Bibi wa Tanga. Hajui Kiingereza. Kila jioni, baada ya sala ya Isha, huketi kutazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na huizungumzia kesho yake kama habari za jirani. Fedha tuliyotenga kwa mambo ya namna hii ilitosha ama kulipia king'amuzi, ama kulipia intaneti pamoja na hiyo huduma mpya. Kujiunga kwa mmoja kungekuwa kukatiwa kwa mwingine. Ndipo nikaanza kuyatazama upya maneno haya: kulipia, king'amuzi, kifurushi, kujiunga. Hoja yangu jioni ya leo ni kwamba maneno hayo yamehifadhi historia ambayo takwimu za wauzaji hazioneshi. Yanaonesha kuwa wasemaji wa Kiswahili hawakuwa na desturi ya kulipia picha peke yake. Walilipia picha pamoja na watu wa kuitazama nao, na sauti ya Kiswahili ya kuieleza.

Kurusha na kukamata

Tuanze na kitenzi cha zamani. Kituo cha redio au televisheni hurusha matangazo, na chombo cha nyumbani huyashika au huyakamata. "Redio hii inashika Nairobi," tulikuwa tukisema utotoni Tanga. Sitiari hii ni ya mtu anayerusha kitu hewani bila kujua nani atakidaka. Arushaye hana orodha ya wadakaji, wala mdakaji hadaiwi kitu na mrushaji. Gharama pekee ya mdakaji ni chombo chenyewe na betri zake.

Televisheni iliingia Afrika Mashariki ikiwa ndani ya sitiari hiyo. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, jambo lililoiweka mbele ya nchi nyingine zote zilizo kusini mwa Sahara. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya binafsi, ITV ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa ambayo ingewapendelea watu wa mjini na kuongeza pengo kati yao na wakulima. Tunaweza kubishana kama uamuzi ule ulikuwa wa busara. Mimi huona ulikuwa na mantiki yake, na huona pia kuwa uliinyima lugha yetu miaka ishirini ya mazoezi katika uwanja wa picha. Wakazi wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na seti walielekeza antena zao baharini, upande wa Unguja.

Mimi niliona televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilipopelekwa Unguja kwa mjomba. Jirani yake huko Ng'ambo aliweka seti dirishani, kioo kikitazama nje. Watoto tuliketi mkekani, wanaume barazani, wanawake nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyelipa. Lakini msidhani ilikuwa bure kabisa: aliyekuja mara nyingi bila kumsaidia mwenye nyumba jambo lolote alisemwa. Ilikuwapo ada, ila haikuwa ya fedha. Na palipotokea filamu ya kigeni, mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia alitueleza yanayosemwa. Baadaye, nilipokijua Kiingereza, niligundua kuwa sehemu kubwa alikuwa akiitunga.

Kibanda na sauti yake

Mzee yule hakuwa kioja. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza kwa kirefu jinsi kwenda sinema katika miji ya Tanzania kulivyokuwa shughuli ya jamii nzima, na jinsi filamu za Kihindi zilivyojadiliwa na watu wasiojua Kihindi. Picha ilikamilika pale ilipozungumzwa. Kabla ya hapo gazeti lilikuwa na maisha hayohayo: Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilinunuliwa na mmoja likasomwa kwa sauti mbele ya wengi.

Ilipokuja mikanda ya video, na baadaye diski, kazi ya mzee wa Ng'ambo ikawa ajira. Vilizuka vibanda vya kuoneshea filamu ambavyo watazamaji wenyewe waliviita vibanda umiza, kwa sababu ya mbanano, joto na mabenchi yasiyo na huruma. Jina hilo linastahili kutazamwa na mwanasarufi. Ni nomino iliyofuatwa na shina la kitenzi bila kiambishi chochote cha upatanisho, muundo wa mtaani ambao hakuna kamati iliyoupitisha, na kila mtu aliuelewa. Ndani ya vibanda hivyo walisikika wafasiri wa filamu. Maarufu zaidi kwa Tanzania alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na mwanaanthropolojia Matthias Krings. Lufufu alitia sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong, za India na za Marekani, akiwasemea wahusika, akiwasuta, akiwapa maneno ya Kidaresalama. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina wafasiri wa aina hiyo kwa Kiganda.

Wenzangu wa sheria watasema kazi hiyo iliingilia hakimiliki, na kweli iliingilia. Mimi nataka tuone jambo la kiuchumi na la kiisimu kwa pamoja. Filamu ileile ilikuwapo bila sauti ya Lufufu. Wateja waliitafuta yenye sauti yake. Maana yake ni kwamba walilipia Kiswahili, na huo ni ushahidi wa soko ambao kwa miaka mingi sisi wa vyuo vikuu hatukuujali. Tulikuwa tukiomba ruzuku ya kukuza lugha huku mtu mwenye kipaza sauti akiiuza kila jioni kwa watu wenye kipato kidogo kuliko chetu.

King'amuzi

Mabadiliko makubwa ya msamiati yaliletwa na picha zilizofungwa. Afrika Kusini ilianza kuuza chaneli iliyofumbwa mwaka 1986 kupitia M-Net, na DStv ya setilaiti ikafuata mwaka 1995. Kwetu kifaa cha kufumbulia kiliitwa kwanza dekoda, na kilikuwa cha hoteli na nyumba za wakubwa. Neno king'amuzi lilienea hasa wakati wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, kifaa hicho kilipogeuka kuwa cha kila nyumba.

Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu neno hili ni zuri. Kitenzi ni kung'amua, yaani kutambua kilichofichika. Vitenzi vingi vya Kiswahili vinavyoishia na irabu mbili zilizofuatana vilikuwa zamani na konsonanti l katikati yao. Konsonanti hiyo ilidondoka, lakini mbele ya kiambishi cha kale chenye i iligeuka kuwa z kabla ya kupotea. Ndiyo maana tunasema nunua na mnunuzi, chukua na mchukuzi, okoa na mwokozi. Kanuni hiyo ya sauti ilikoma kufanya kazi kitambo sana, ila mfano wake umebaki hai masikioni mwetu. Muundaji wa king'amuzi hakuhitaji kuwa mtaalamu wa isimu historia. Sikio lake lilimwongoza, na likamwongoza sawasawa. Kisha ikaongezwa ki- ya vifaa. Kitendo cha akili ya mtu kikahamishiwa kwenye kisanduku cha bati na plastiki.

Sasa tazameni linavyotumika. Watu hawasemi "nimelipia chaneli." Husema "nimelipia king'amuzi." Kauli ya kutendea katika kulipia huonesha kile ambacho malipo yanakihusu, na kitu hicho, kwa mujibu wa sentensi, ni kifaa ambacho msemaji alikwisha kukinunua na kiko chini ya televisheni yake. Mgeni atadhani ni kosa la mantiki. Mimi naona ni maelezo sahihi ya hali. Mtu ana mali ambayo kila mwezi hugeuka kuwa si yake mpaka atoe fedha tena. Fedha hiyo humnunulia kifurushi. Zamani furushi lilikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa kanga, na mwenye nalo alijua kilichomo kwa sababu alilifunga mwenyewe. Kifurushi cha leo hufungwa na mwingine, chaneli uitakayo ikiwa katikati ya nyingine arobaini usizozijua, na kina sifa ambayo furushi halikuwa nayo: huisha.

Kwamba mali hiyo si mali kamili kulidhihirika mapema. Kampuni ya GTV iliingia katika nchi nyingi za Afrika, zikiwamo za kwetu, mwaka 2007, ikiwa na haki za kuonesha ligi kuu ya soka ya Uingereza. Mwezi Januari mwaka 2009 ilifilisika, matangazo yakakatika, na waliokuwa wamenunua vifaa vyake wakabaki na visanduku visivyong'amua chochote. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na tangu siku hiyo hata chaneli za bure zikahitaji king'amuzi. Nchini Kenya uzimaji wa mwaka 2015 uliambatana na mgogoro uliowaacha watazamaji karibu majuma matatu, kati ya Februari na Machi, bila vituo vitatu vikubwa vya binafsi. Mwaka 2018 ikaja zamu ya Tanzania: mamlaka ya mawasiliano ilivizuia baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kubeba chaneli za bure za ndani kwa sababu ya masharti ya leseni, na familia zikajikuta zikihitaji visanduku viwili. Katika kila tukio mtazamaji alikuwa wa mwisho kuulizwa.

Pamoja na hayo king'amuzi kilishinda, na sababu mojawapo ni lugha. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionesha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mama mkwe ni mama mkwe, Beijing au Kilosa. Lakini asingefahamika bila Kiswahili. Azam TV ilianza mwishoni mwa mwaka 2013, ikaja na soka la nyumbani lenye watangazaji wa Kiswahili na tamthilia za nje zilizotiwa sauti. Mwaka 2021 ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa ligi kuu ya Tanzania wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Kampuni haitoi fedha ya namna hiyo kwa mapenzi ya lugha, nami siishukuru kwa jambo ambalo haikulikusudia. Nasema tu kwamba urithi wa Lufufu ulipata mwekezaji.

Kutiririka na kujiunga

Tarehe 6 Januari 2016 Netflix, kampuni iliyoanza mwaka 1997 kwa kukodisha diski kwa posta na kuhamia intaneti mwaka 2007, ilitangaza kuwa imefungua huduma yake katika nchi 130 kwa mpigo mmoja, za kwetu zikiwamo. Showmax ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 2015, nayo iliingia Kenya. Sitiari ikabadilika tena. Matangazo hayarushwi tena wala hayang'amuliwi, yanatiririka. Wataalamu wa istilahi wametupa utiririshaji, neno lisilo na kosa, ambalo sijalisikia likitamkwa ndani ya daladala hata siku moja. Lakini mantiki yake ni ya kweli kuliko wanavyodhani wanaolicheka. Maji yatiririkayo bombani yana mita, na mita ina jina la mtu. Mrushaji hakujua nani amedaka. Mtiririshaji anajua nani amefungua, saa ngapi, na alilala katika dakika ya ngapi.

Juu ya mita ya kwanza kuna ya pili. Anayetazama kwa intaneti hulipia pia bando. Hapa ndipo naona funzo la jaribio la Kenya. Mwezi Septemba 2021 Netflix ilitoa huko mpango wa bure kwa simu, bila shaka kwa matumaini kuwa walioonja wangenunua. Ulifungwa tarehe 1 Novemba 2023. Wapo waliohitimisha kwamba Mwafrika hapendi kulipa. Hitimisho hilo halikubaliani na historia niliyoieleza, ya watu waliolipa kibandani, waliolipia diski, na wanaolipia king'amuzi mwezi baada ya mwezi. Kilichotolewa bure hakikuwa bure, kwa sababu ya bando. Kilikuwa cha mtu mmoja na kioo cha kiganja. Na sehemu kubwa ya ghala lake haikuwa na Kiswahili. Kuna kazi za kwetu zilizoingia: tamthilia ya Country Queen ya mwaka 2022 kutoka Kenya, na filamu fupi Katope ya Walt Mzengi Corey wa Tanzania ya mwaka 2023. Nazifurahia. Ila ghala si ghala kwa sababu ya vishina viwili vya mpunga mlangoni.

Nirudi kwa kitenzi cha mjukuu wangu. Waingereza wana neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ya mwanzo ni kuandika jina chini ya waraka. Sisi tulikuwa na kujiandikisha, lililo karibu nalo, lakini simu za mkononi zimetuzoesha kujiunga: jiunge na kifurushi cha wiki, jiunge na huduma hii. Shina ni unga, yaani kuunganisha, likiwa na kirejeshi ji-. Mtu huchukua nafsi yake na kuifanya sehemu ya kitu kingine. Wazazi wetu walijiunga na TANU, na ushirika, na chama cha kuzikana. Huko nako kulikuwa na kadi na ada, kwa hiyo sisemi kwamba fedha imeharibu neno. Tofauti ni kwamba aliyejiunga aliitwa mwanachama, aliitwa mkutanoni, na siku ya msiba wenzake walikuja. Anayejiunga leo huitwa mteja, neno ambalo zamani lilimtaja mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga. Mitaani kuna neno lililo jirani nalo, teja, ambalo ni mraibu wa dawa za kulevya; hilo nawaachia wanafunzi wa semantiki.

Wala mteja hajui atakuwa chini ya nani kesho. Mwezi Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice, mmiliki wa DStv na Showmax. Idadi ya tamthilia zitakazotengenezwa kwa Kiswahili sasa inategemea, kwa sehemu, hesabu zinazofanywa Paris. Kabla ya hapo zilifanywa Johannesburg, kwa hiyo msinielewe kuwa nalilia enzi ya uhuru. Ninachotaka wanafunzi wachunguze ni namna hesabu hizo zinavyofikiwa. Mtiririshaji anajua kila tunachofungua, nasi tunaweza kudhaniwa hatukitaki Kiswahili kwa sababu tu hatukukifungua mahali ambapo hakikuwapo.

Sasa mtaniuliza tuliamua nini nyumbani. Mke wangu, ambaye ni mhasibu na hapendi falsafa jioni, alisema tujaribu mwezi mmoja tukisimamisha king'amuzi. Dada yangu alikubali kwa heshima, jambo lililonitia hofu zaidi kuliko angekataa. Juma la kwanza alilala mapema. Juma la pili mjukuu wangu, kwa kuona haya au kwa kuchoka kutazama peke yake, alimwita akaanza kumweleza filamu kwa Kiswahili. Nilikuwa chumba cha pili nikisahihisha tasnifu, nikaacha kusahihisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwama. Alikosa neno la mdhamini, la uchunguzi wa maiti, la kukata rufaa. Bibi yake akampa moja baada ya jingine, bila kuondoa macho kwenye kioo. Alipochoka alianza kuruka maneno. "Unaniruka," dada yangu alimwambia. "Huyu mwanamke amesema maneno mengi kuliko hayo. Nieleze yote."

Mwezi ulipokwisha tulirudi kwenye king'amuzi, kwa kuwa tamthilia ya Kituruki ilikuwa imefika pabaya na dada yangu alikwisha kuikosa vya kutosha. Mjukuu hakununa kama nilivyotarajia. Aliuliza kama Desemba, shule zikifungwa, tunaweza kulipia tena, na Bibi wa Tanga ndiye aliyemjibu kabla yangu kwamba tutaona, lakini safari hiyo achague filamu yenye watu wanaosema polepole.